Databesi nzito, seva inahema: chek haya kabla hujarestati

Simu ikiita kati ya saa nne na saa sita mchana na namba ni ya mteja, najua kabla sijapokea. "Fundi, mfumo unazunguka tu." Kuzunguka ndo kile kiduara cha kwenye skrini. Hapa Tanga nahudumia maduka ya jumla, famasi, saccos, shule na stoo za vifaa vya ujenzi, na mifumo yao karibu yote imekaa juu ya MySQL au MariaDB, michache PostgreSQL (hizi ni programu za databesi, ndo zinazotunza data), na seva zenyewe nyingi ni kompyuta ya kawaida tu yenye Ubuntu au Windows na XAMPP (kifurushi kinachokuja na databesi ndani), imesukumwa chini ya meza karibu na miguu ya keshia. Matatizo ni yaleyale yanazunguka kama daladala ya Raskazone, kwahiyo nimeyapanga kwa namna watu wanavyoyasema wenyewe kwenye simu, na ndani ya kila tatizo nimeanza na sababu ninayokutana nayo sana nikamalizia na ya nadra.

Kabla ya yote, dakika tano za kuangalia

Usirestati. Najua mkono unawasha. Seva ikiwa nzito maana yake inasubiri kitu, na vya kusubiriwa mara nyingi ni vinne tu: prosesa, diski, kufuli iliyoshikwa na mtu mwingine, au netiweki. Ukizima na kuwasha utaona kama imepona, kumbe umemfukuza shahidi, kesho saa ileile tatizo linarudi na huna hata mstari mmoja wa ushahidi.

Kwa Ubuntu anza na `uptime`. Zile namba tatu za mwisho ni mzigo wa dakika 1, 5 na 15, zilinganishe na idadi ya kori unayopewa na `nproc`, mzigo wa 3 kwenye mashine ya kori 4 siyo kesi, mzigo wa 25 ni kesi. Kisha `free -h`, na hapo usiangalie safu ya free, angalia available, kwasababu Linux inaazima ramu iliyokaa bure ikatunzia mafaili, free kuwa ndogo ni kawaida kabisa na kuna watu wameshanunua ramu mpya kwa kuiogopa hiyo safu. Kisha `df -h`. Kisha `top`, tafuta namba iliyoandikwa wa, ikiwa imepanda 30 au 40 ujue prosesa imekaa inaisubiri diski. Mwisho ingia ndani ya MySQL upige `SHOW FULL PROCESSLIST;` uone nani anafanya nini na tangu sekunde ngapi, kwa PostgreSQL unaangalia `pg_stat_activity`. Matokeo yote yapige picha hata kwa simu.

Kitu kimoja kilinitesa mwanzoni nacho ni saa. Mteja akikwambia "imeanza saa nne" anamaanisha saa nne yetu, yani 10:00, we ukienda kwenye logi ukatafuta 04:00 utakuta usiku umetulia kimya utasema anakudanganya. Halafu MySQL kuanzia 5.7 ukiiacha ilivyo huwa inaandika logi zake kwa UTC (saa ya dunia, iko nyuma yetu masaa matatu) hata kama seva umeiweka Africa/Dar_es_Salaam, kwahiyo hiyo saa nne ya mteja kwenye logi ni 07:00. Nilishapoteza jioni nzima nasoma masaa yasiyohusika. Ukitaka kupumzika weka `log_timestamps = SYSTEM` kwenye faili la usanidi.

"Ripoti moja tu ndo inachelewa, mengine poa"

Hii ndo nyingi kuliko zote na ndo yenye raha, kwasababu mara nyingi haitaki hela, inataka kufikiri. Kama ni ukurasa mmoja tu mzito basi seva yako haina shida, tatizo ni swali linaloulizwa. Kwanza likamate swali lenyewe:

`SET GLOBAL slow_query_log = ON;`
`SET GLOBAL long_query_time = 1;`

Usipoibadilisha hiyo namba ya pili, MySQL haihesabu kwiri (hilo swali lenyewe) kuwa nzito mpaka ivuke sekunde 10, na keshia hasubiri sekunde 10 bila kutukana. Badiliko linashika kwa miunganisho mipya tu, kwahiyo funga programu ufungue tena. Faili linakaa wapi utaambiwa na `SHOW VARIABLES LIKE 'slow_query_log_file';`, na `mysqldumpslow -s t` itakupangia kwiri zilizokula muda mwingi zikiwa juu. Chukua ya kwanza, weka neno `EXPLAIN` mbele yake, uendeshe, databesi itakwambia inavyolitafuta jibu.

Ukikuta kwenye type pameandikwa ALL, kwenye key pana NULL na kwenye rows pana namba inayokaribia jedwali zima, umeshampata. Hakuna indeksi, databesi inasoma mstari kwa mstari. We wa Tanga unaelewa haraka, Ngamiani barabara zina namba, ukiambiwa mtu anakaa Barabara ya 9 huanzi kugonga hodi kuanzia Barabara ya Kwanza. Indeksi ndo hiyo namba ya barabara. Mwaka wa kwanza wa mfumo huoni tofauti kwasababu nyumba ni chache, mwaka wa tatu jedwali la mauzo lina mistari laki nane ndo unasikia "mfumo umechoka". Dawa ni `CREATE INDEX idx_mauzo_tarehe ON mauzo (tarehe);` basi.

Kama kwiri inachuja kwa vitu viwili, tuseme duka na tarehe, tengeneza indeksi moja ya vyote viwili, ila mpangilio una maana. Indeksi ya `(duka_id, tarehe)` inasaidia anayeuliza duka, na anayeuliza duka pamoja na tarehe, anayeuliza tarehe peke yake haimsaidii sana, ni sawa na mtu kukwambia nyumba namba 14 bila kusema barabara ipi. Na usije ukaweka indeksi kwenye kila safu eti ndo usalama, kila ukiingiza mauzo lazima zote zisasishwe, utaponya ripoti uue kaunta.

Sababu ya pili, indeksi ipo ila kwiri imeandikwa kwa namna inayoipita pembeni. Mtu kaandika `WHERE YEAR(tarehe) = 2024`. Indeksi imepangwa kwa tarehe, haikupangwa kwa mwaka uliokamuliwa kutoka kwenye tarehe, kwahiyo inabidi kila mstari ukamuliwe kwanza. Andika `WHERE tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'`, jibu lilelile, muda tofauti kabisa. Vilevile `LIKE '%panado%'`, ile asilimia ya mbele ndo mchawi, ukiiacha ya nyuma tu indeksi inafanya kazi. Famasi zinapenda sana hii ya asilimia mbele na nyuma, kama mteja kweli anahitaji kutafuta neno katikati basi tumia indeksi ya FULLTEXT.

Sasa hii ya tatu nataka niieleze vizuri kwasababu ilinichukua siku mbili. Stoo moja ya vifaa vya ujenzi, wanamtafuta mteja kwa namba ya simu, wanasubiri sekunde 11. Indeksi ipo kwenye safu ya simu, nimeiona kwa macho yangu, EXPLAIN inasema ALL. Nikafuta indeksi nikaiweka tena, wapi. Mzee mwenye duka kakaa nyuma yangu na kahawa yake, "vipi mwanangu, inataka dawa ya kienyeji?" Ndo nikaisoma kwiri taratibu nikaona programu inaipeleka namba ya simu bila alama za nukuu. Safu yenyewe ni VARCHAR, yani ya maandishi, na ni sahihi kuwa VARCHAR maana namba zetu zinaanza na sifuri, ila ukilinganisha maandishi na namba tupu MySQL inaona "07" na "7" na "007" vyote ni saba, kwahiyo haiwezi kuiamini indeksi ya maandishi, inabadili kila mstari kuwa namba ndo ilinganishe. Nikaweka alama mbili za nukuu kwenye kodi. Sekunde 11 zikawa hazihesabiki. Mzee akauliza sasa nilipe nini kwa hizo nukta mbili! PostgreSQL kwa kosa hilohilo inakukatalia papo hapo na kukuonyesha kosa, na kwa hilo naiheshimu.

Ya nne, ripoti inachelewa lakini kwenye logi ya kwiri nzito hakuna kitu. Hapo mara nyingi programu inauliza vijiswali vidogo vingi. Daftari la wadeni lina watu 800, programu inavuta orodha mara moja kisha inamrudia kila mdeni mmoja mmoja kuuliza salio lake, jumla kwiri 801, kila moja ni ya haraka kwahiyo logi haiishiki. Piga `SHOW GLOBAL STATUS LIKE 'Questions';` kabla na baada ya kufungua ripoti, namba ikiruka kwa mamia ukiwa uko peke yako kwenye mfumo, umempata. Dawa ni JOIN moja na GROUP BY, yani kuuliza salio za wote kwa kwiri moja, hiyo ni kazi ya aliyeandika programu.

Ya mwisho na ya nadra, databesi ina takwimu za zamani za jedwali inachagua njia mbaya, kwa mfano baada ya kuingiza data nyingi kwa mpigo. `ANALYZE TABLE mauzo;` inatosha, kwa PostgreSQL `ANALYZE mauzo;`.

Onyo: usitengeneze indeksi kwenye jedwali kubwa mchana watu wakiwa kazini. MySQL ya sasa inaruhusu watu waendelee kuandika wakati indeksi inajengwa, ila kuna sekunde inahitaji jedwali lote, na kama kuna muamala (kazi iliyoanzishwa kwenye databesi haijakamilishwa) mtu kauacha wazi itapanga foleni, na wote wanaokuja nyuma yake nao watapanga, utaona "Waiting for table metadata lock" ukurasa mzima. PostgreSQL nayo inazuia uandishi mpaka indeksi iishe, labda utumie `CREATE INDEX CONCURRENTLY`. Fanya usiku, ukiwa na bekapu.

"Asubuhi poa, watu wakijaa inakwama, baadaye inajiachia yenyewe"

Ukiona inakwama kwa watu wote wanaogusa kitu kilekile halafu ghafla inafunguka, na prosesa wakati huo imekaa tu haina kazi, hizo ni kufuli, yani mmoja kashika data na wengine wanamsubiri aiachie. Kosa linalokuja ni "Lock wait timeout exceeded; try restarting transaction", namba 1205, na linakuja baada ya sekunde 50 kwasababu ndo kiwango cha kawaida cha InnoDB, injini ya ndani ya MySQL inayotunza majedwali.

Sababu kubwa ni muamala uliofunguliwa ukaachwa. Kuna saccos tuliteseka nayo wiki mbili. Mhasibu anabonyeza Hifadhi, kinatokea kisanduku "Je, una uhakika?", sasa aliyeandika ile programu aliufungua muamala na kushika mstari wa akaunti kuu kabla ya kisanduku, siyo baada. Dada wa watu kabonyeza Hifadhi, kisanduku kimetokea, simu imeita, kainuka kaenda nje kuongea, karudi na mbaazi na maandazi kwenye mfuko wa kaki, kakaa, anakula. Huko dirishani makeshia watatu wameganda na foleni imefika mlangoni. Akimaliza anabonyeza Ndiyo, kila kitu kinafunguka, wanasema "umeona, imepona yenyewe". Na sisi tulikuwa tunabadilisha swichi na kebo siku zote hizo.

Ukimbilie wakati imekwama, siyo baadaye: `SELECT * FROM sys.innodb_lock_waits\G` inakuonyesha anayesubiri na anayezuia, na mpaka amri ya kumuua inakuandikia. Kwa MariaDB ya zamani ambayo haina hiyo, soma `information_schema.innodb_trx` uangalie muamala upi umeanza zamani kuliko wote. PostgreSQL utaona mtu ameandikwa "idle in transaction", huyo ndo aliyekwenda kununua maandazi.

Unaweza kumuua kwa `KILL` na namba yake, ila angalia alikuwa anafanya nini kwanza. Kama ni mtu kaacha kisanduku wazi, ua. Kama ni zoezi lililokuwa linasasisha mistari laki tano kwa saa nzima, ukiua databesi lazima irudishe nyuma yote, na kurudisha kunaweza kuchukua muda uleule au zaidi, na hapo ukiingiwa na wasiwasi ukarestati haisaidii, ikiwaka itaendelea kurudisha kutoka pale ilipoishia. Ukifika hapo kaa utulie.

Sababu nyingine ni majedwali ya zamani ya MyISAM, injini iliyotumika kabla ya InnoDB. Hayo yanafunga jedwali zima kwa mtu mmoja akiandika. InnoDB ndo chaguo la kawaida tangu MySQL 5.5, lakini mifumo iliyoandikwa zamani ikawa inahamishwa tu mashine kwa mashine bado inayo. `SHOW TABLE STATUS;` itakwambia. Kubadilisha ni `ALTER TABLE jina ENGINE=InnoDB;` usiku, baada ya bekapu.

Kosa la 1213, deadlock, nalo watu wanaliogopa bure. Likitokea mara mojamoja ni kawaida, wawili wameshikiliana na InnoDB imemtoa mmoja, programu inatakiwa irudie tu. Likitokea kila dakika, mwite aliyeandika programu.

"Too many connections"

Fupi. MySQL inaruhusu miunganisho 151, PostgreSQL 100, kama hujagusa kitu. Duka la kompyuta sita haliwezi kufika huko kihalali. Kwa hiyo ama programu inafungua miunganisho bila kuifunga, utaona mistari mingi ya Sleep yenye muda mrefu kwenye processlist, ama kuna kufuli kama za hapo juu watu wanabonyeza tena na tena na kila mbonyezo unaongeza foleni. Kupandisha `max_connections` mpaka 1000 ni kuongeza viti msibani, haumfufui mtu, na kila muunganisho unakula ramu yake. Punguza `wait_timeout` wakati unasubiri kodi irekebishwe, maana ya kawaida ni sekunde 28800, masaa nane mtu kalala na kiti kakishika.

"Mfumo mzima mzito, asubuhi mpaka jioni, kila kitu"

Kwanza angalia kama kuna kitu kingine kinakula mashine. Bekapu iliyopangwa saa za kazi kwa kosa la saa tuliloongea, antivairasi ya Windows inachimba folda la data, kijana wa kaunta anaangalia mechi kwenye seva hiyohiyo. Nimekutana na zote tatu.

Pili, databesi haijapewa ramu. `innodb_buffer_pool_size` ikiachwa ilivyo ni megabaiti 128, hata kama mashine ina giga 16. Seva ambayo kazi yake ni databesi tu unaweza kuipa nusu mpaka robo tatu ya ramu, yenye kazi nyingine punguza. Lakini usinakili faili zima la usanidi la mtu. Kuna jamaa aliweka `sort_buffer_size` ya megabaiti 256 kwasababu kasoma mahali, hiyo siyo ya seva nzima, inatolewa kwa kila muunganisho unaopanga kitu, watu 40 wakipanga pamoja hesabu mwenyewe.

Tatu, diski. Kama `iostat -x 1` inaonyesha diski iko karibu 100 muda wote na ni ile ya kuzunguka, kuhamia SSD ndo hela pekee nitakayokushauri utoe haraka, kwa kusoma hukuhuku na kulekule haziko daraja moja kabisa. Kabla ya hapo pima afya: `smartctl -a /dev/sda`, angalia `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Zikiwa siyo sifuri na zinaongezeka wiki hadi wiki, diski inaaga.

Onyo: diski ikianza kugonga tk tk tk, au `dmesg` ikajaa I/O error, usiendeshe programu yoyote ya kurekebisha. Zima mashine. Kama bekapu huna na data ni ya muhimu, mpelekee mtu wa kuokoa data ikiwa imezimwa, kila dakika unayoiwasha inajikwangua. Na `fsck` usiendeshe juu ya diski ambayo imepachikwa na inatumika, utaharibu kilichobaki.

Nne ni joto. Miezi ya kaskazi chumba cha nyuma kisicho na feni kinakuwa tanuru, prosesa inajipunguza kasi yenyewe isiungue. Pale Chumbageni nilifungua mashine moja nikakuta vumbi limegandana na hewa ya chumvi kwenye feni kama ukoko wa sufuria, na mjusi mkavu ndani ya pawa saplai. Brashi na nusu saa.

"Imegoma kuhifadhi, inaganda tu"

Diski imejaa. MySQL ikikosa nafasi mara nyingi haifi, inasubiri na kuchungulia kila dakika kama kuna nafasi imepatikana, ndo maana inaonekana imeganda. `df -h`, kisha `df -i` maana unaweza kuwa na nafasi lakini namba za mafaili zimeisha, kisha `du -xh --max-depth=1 /var | sort -h` uone mnene ni nani.

Mara nyingi ni bekapu za zamani zilizorundikwa kwenye diski ileile, yani hata bekapu zenyewe siyo bekapu. Au logi za mfumo, `journalctl --vacuum-size=500M` inazipunguza. Au binlogi (kumbukumbu za kila badiliko la data), ambazo MySQL 8 inazitunza siku 30. Hizo usizifute kwa `rm` hata siku moja, tumia `PURGE BINARY LOGS BEFORE NOW() - INTERVAL 3 DAY;`, na kama una seva ya pili inayonakili hakikisha imeshazisoma. Kama umefuta faili kubwa na nafasi haijarudi, kuna programu bado imelishikilia, `lsof +L1` itakutajia.

Mafaili yaliyo ndani ya `/var/lib/mysql` yanayoanza na ib usiyaguse. Hata kama ni makubwa. Hasa kama ni makubwa.

"Databesi inajizima yenyewe"

Piga `dmesg -T | grep -i "killed process"`. Ukiona mysqld, ramu iliisha na Linux ikamchinja aliyenona. Rudi kwenye hesabu za ramu hapo juu, punguza, ongeza swapu (sehemu ya diski inayotumika kama ramu) kidogo iwe kama mto wa dharura. Kama hakuna kitu hapo, soma logi ya makosa ya MySQL yenyewe, ukikuta maneno corruption au assertion failure nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho ya maelezo haya.

"Kaunta moja tu nzito, wengine wako poa"

Netiweki. Badilisha kebo kwanza. Plagi za kebo zilizo karibu na bahari zinaota ukijani, unaona taa inawaka lakini `ethtool` inakwambia spidi 10 badala ya 1000. Kama anatumia Wi-Fi, mpe kebo. Kama kuunganisha ndo kunachelewa sekunde kadhaa halafu baada ya hapo kila kitu ni haraka, MySQL inahangaika kutafuta jina la hiyo kompyuta kwenye DNS, weka `skip_name_resolve`, ila kwanza hakikisha watumiaji wa databesi wametajwa kwa namba za IP na siyo majina ya kompyuta.

Na mtu asikushawishi ufungue mlango wa 3306 (ndo wa MySQL) kwenye intaneti ili bosi aone mauzo akiwa Dar. Atumie VPN, njia binafsi iliyofungwa ya kuingia kwenye netiweki ya duka.

"Umeme ulikatika, sasa haiwaki"

Hapa nenda polepole. XAMPP itakuandikia "MySQL shutdown unexpectedly". Kabla ya kugusa kitu chochote nakili folda zima la data liende kwenye flashi au diski ya nje, lote kabisa, huku MySQL ikiwa haijawashwa. Hata kama limeharibika. Hiyo nakala ndo itakayokuokoa ukikosea.

Kisha soma logi ya makosa. Kama inasema mlango 3306 unatumika, kuna MySQL nyingine imewaka, huna tatizo la data kabisa. Kama inasema inarudisha hali baada ya kuzimika vibaya, iache ifanye, inaweza kuchukua dakika nyingi, usiikatize. Kama ni jedwali la MyISAM "marked as crashed", `REPAIR TABLE` mara nyingi inatosha. Kama saa imerudi miaka ya nyuma, betri ya ubao mama imekufa, ibadilishe kabla mauzo hayajaingia na tarehe za ajabu.

Ushauri unaozunguka wa kufuta `ibdata1` ili MySQL iwake, ni kweli inaweza kuwaka. Na majedwali yako ya InnoDB hayatafunguka. Nimeshaitiwa kesi hiyo, mwenye duka alikaa wiki tatu na kaunta buku anaandika upya madeni kwa kuwauliza wadeni wenyewe, na unajua mdeni akiulizwa anadaiwa ngapi anakumbuka nini.

Kuna kitu kinaitwa `innodb_force_recovery`, kina ngazi 1 mpaka 6. Ngazi 1 hadi 3 unaweza kujaribu, ukiwa na nakala pembeni, kwa lengo moja tu la kuwasha ili utoe data kwa `mysqldump`, amri inayotoa data kama faili. Ngazi 4 kwenda juu zinaweza kuharibu data moja kwa moja. Simama hapo, mwite mtu.

Mwite pia kama UPS imevimba betri au inanuka, hiyo siyo ya mtu wa databesi ni ya fundi umeme, usiifungue. Na kama kuna mtu amekushauri uweke `innodb_flush_log_at_trx_commit` iwe 0 au 2 ili mfumo uwe mwepesi, ujue umeme ukikatika mauzo ya kama sekunde moja ya mwisho yanaweza kupotea, kwenye saccos hiyo sekunde ina jina la mtu.

Ukinipigia au ukimpigia fundi wako, kuwa na haya mkononi: imeanza lini na nini kilibadilika siku hiyo, ujumbe wa kosa kwa maneno yake siyo "imeandika vitu vyekundu", zile picha za mwanzo, bekapu ya mwisho ni ya lini na kama imewahi kujaribiwa kurudishwa. Na kama kuna faili umeshalifuta, lianze hilo kabla hata ya salamu. Hatutagombana. Tutagombana nikiligundua mwenyewe saa nane usiku.